Umri wa Kompyuta ya Dirisha la Tatu

Kila asubuhi, akishamaliza kuuza vitumbua vyake, Bi Kidawa binti Shomvi alikuwa akinawa mikono, akijifunga kanga safi, na kwenda kwenye Dirisha la Tatu la Idara ya Wageni wa Taifa kumuulizia mwanawe.

Nchi yetu haina wafungwa. Jambo hilo lilitangazwa zamani, na siku ile ile vibao vyote vikabadilishwa. Aliyechukuliwa na serikali ni mgeni wa taifa, aliyemchukua ni mwenyeji wake, na mgeni akisikika akilia, majirani wanajua kuwa anatumbuizwa.

"Shikamoo mama," Chambuso, karani wa dirisha, alikuwa akimwambia.

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama. Tumwangalie?"

"Tumwangalie, baba."

Chambuso anaandika: Hamduni Mbaruku. Kompyuta inafikiri, inakoroma kidogo, halafu inajibu kwa herufi kubwa za kijani: HAYUPO. Kwa kuwa serikali yetu ni ya uwazi, sheria inamtaka karani amgeuzie mwananchi skrini ajionee mwenyewe. Chambuso anaigeuza.

"Hayupo, mama."

"Ahsante, baba. Mungu akuweke. Basi kesho."

Nyuma yake huja Bi Mwasiti, anayemuulizia bintiye Mwanamvua, na ambaye hajawahi kufika dirishani bila neno. "Chambuso mwanangu, leo iulize kwa upole. Jana uliibonyeza kama unaua kunguni." Chambuso anaibonyeza kwa upole. HAYUPO. "Haya. Labda inapenda kuimbiwa."

Hamduni na Mwanamvua walichukuliwa siku moja, mwezi wa Novemba, wanafunzi wa vyuo walipokaa uwanjani wakiuliza kura zao zilihesabiwa na nani. Serikali haikuwajibu vibaya. Iliwapelekea malori ya kuwakaribisha.

Basi Jumanne moja Chambuso akaandika jina, akabonyeza, na kwa mazoea akaigeuza skrini kabla ya kusoma. Haikuwa na neno HAYUPO. Ilikuwa na maputo ya rangi yanayopanda, na chini yake maandishi haya:

HONGERA! MFUMO ENDESHI WA KOMPYUTA HII ULISAKINISHWA TAREHE NANE FEBRUARI. LEO UNATIMIZA MIAKA MITANO. MUDA WA MATUNZO YAKE UMEKWISHA. TAFADHALI NUNUA MPYA.

Bi Kidawa alisoma taratibu, kidole hewani. Kusoma alifundishwa ukubwani na serikali yenyewe, katika kampeni ya kufuta ujinga, kabla serikali haijaona madhara yake.

"Baba," alisema, "hii imezaliwa Februari?"

"Ndivyo inavyosema, mama."

"Mwanangu alichukuliwa Novemba iliyotangulia."

Chambuso alianza kuigeuza skrini irudi upande wake.

"Sasa itamjuaje mtu aliyekuja kabla yake? Miaka yote hii tumekuwa tunamuuliza mtoto mchanga?"

"Mtoto mchanga!" Bi Mwasiti alicheka peke yake. "Na tulivyokuwa tukimshukuru!"

Watu wa nyuma walisogea wakasoma, nao wakawasomea wasiojua kusoma. Chambuso akateremsha pazia la dirisha, akatundika kibao cha kwanza alichokipata mezani. Kilisema: DIRISHA LIMEFUNGWA KWA AJILI YA SHEREHE.

*

Ili msomaji aelewe kwa nini serikali haikulala, ni lazima nimweleze Sheria ya Ukweli wa Mashine.

Sheria hiyo ni fupi na ya kupendeza. Inasema kwamba jambo ambalo kompyuta ya serikali hailijui halikutokea. Imetusaidia sana. Zahanati ya Mkwajuni ilipoungua, kompyuta haikuwa na habari za moto wowote, na kwa hiyo wauguzi wanaendelea kuripoti kazini kila siku, wanasimama juu ya majivu, na wagonjwa wanapanga foleni. Hata vifo vya uzazi vilipungua wilaya ile, kwa sababu mtu aliyekuwa akiviingiza kwenye kompyuta alifariki akijifungua.

Na mtu akiambiwa HAYUPO, familia yake hupewa Cheti cha Kutokuwepo, bure kabisa. Wake wengi wamepewa vyeti hivyo na kugundua kuwa hawakuwahi kuolewa. Bi Mwasiti alipopewa cha bintiye, maofisa wawili wenye adabu nyingi walikwenda kwenye shule aliyosoma Mwanamvua na kumtoa kwenye picha ya darasa. Picha bado ipo ukutani. Kuna wasichana wawili katika mstari wa kati ambao kila mmoja amekumbatia hewa upande wake.

Sasa, kama mfumo ule uliwekwa Februari, usingeweza kujua lolote la Novemba, na vyeti vyote vya watu wa uwanjani vilikuwa uongo wenye muhuri. Serikali ilikuwa na njia mbili: kuwatafuta watu, au kuitafutia kompyuta siku nyingine ya kuzaliwa. Serikali yetu haipendi njia ndefu.

Waziri wa Wageni alihutubia taifa siku hiyo hiyo.

"Ndugu wananchi, kompyuta ile si mtoto. Mimi binafsi nimeiona ikiwa mtu mzima, mwenye busara zake, anayejibu maswali bila kubabaika. Ni nani awezaye kusema HAYUPO kwa uthabiti ule akiwa na umri mdogo? Yale maputo mliyoyaona ni hujuma. Kuna watu wasioitakia mema nchi yetu, wanaotaka kutugawa kwa kutumia umri. Leo wanauliza umri wa kompyuta. Kesho watauliza umri wa nani?"

Hapo kila mtu ukumbini aliinua macho kwenye picha ya Kiongozi Mkuu, kisha haraka akayashusha kwenye viatu vyake. Waziri mwenyewe alikunywa maji. Jioni ikatangazwa Tume ya Kuchunguza Tarehe ya Kusakinishwa kwa Mfumo Endeshi wa Dirisha la Tatu.

*

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Profesa Lugome Kasanzu, mtaalamu wetu mkubwa wa kompyuta, mtu mpole, mwenye kuzungumza polepole.

Nisieleweke vibaya: kujua mfumo uliwekwa lini si kazi ngumu. Profesa mwenyewe ameeleza katika kitabu chake cha mwaka wa kwanza. Unafungua kile kidirisha cheusi, unaandika neno moja la amri, unabonyeza, na miongoni mwa mistari ya mwanzo inatokea tarehe ya kusakinishwa, na saa yake. Chai haipoi. Wajumbe wote wa Tume walijua, na wengine walijaribu kwenye kompyuta zao za mapajani palepale mezani, wakainamisha vichwa kwa pamoja kama watu wanaosali. Kwa hiyo Tume iliamua kuanza mbali.

Ilizuru kwanza nchi tatu za nje, kutazama kompyuta ambazo umri wake haujawahi kuwa na utata. Iliporudi ikaanza kusikiliza mashahidi. Kompyuta ililetwa ukumbini juu ya machela, imefunikwa bendera. Shahidi wa kwanza alikuwa dereva aliyelipakua boksi lake.

"Boksi lilikuwaje?" aliulizwa.

"Zito, mheshimiwa."

"Uzito wa kitoto, au wa mtu mzima?"

"Sijui, mheshimiwa. Mimi nilikuwa nimebeba."

Iliandikwa kwamba shahidi alithibitisha utu uzima.

Chambuso naye aliitwa. Aliulizwa kama, katika miaka yote ya kukaa mbele ya kompyuta ile, aliwahi kuiona ikifanya mambo ya kitoto. Alisema hapana, ila ilikuwa na tabia ya kutomkumbuka mtu yeyote. Walimwambia hiyo ni dalili ya uzee, wakamshukuru.

Siku ya mwisho, wajumbe walipokwenda kula, Profesa Kasanzu alibaki peke yake na mashine. Alifungua kidirisha cheusi. Aliandika lile neno. Tarehe nane Februari, saa nne na nusu asubuhi. Mfagizi aliyekuwa mlangoni anasema Profesa aliitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama tena, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani.

Halafu akarudisha saa ya kompyuta nyuma mpaka Oktoba, mwezi mmoja kabla ya uwanja, akafuta kila kitu kilichokuwamo, na kuusakinisha mfumo upya. Kompyuta ikaamka ikiamini ni Oktoba ya mwaka ule, na ikauandika mwezi huo kuwa ndio wa kuzaliwa kwake. Wajumbe waliporudi wakijichokonoa meno, aliwaonyesha. Walipiga makofi. Mmoja aliuliza kwa nini hili halikufanyika kabla ya safari, lakini aliuliza kwa sauti ndogo.

*

Palitokea tatizo dogo ambalo nisingelitaja kama si vitumbua.

Kompyuta ilipozaliwa upya ilikuwa tupu. Haikuwa na jina la mgeni yeyote, hata wa wale waliokuwa ndani wakati huohuo. Na jiko la Nyumba ya Wageni hupokea kutoka kwake, kila alfajiri, idadi ya watu wa kupikiwa. Alfajiri ile ikaja sifuri. Wapishi wetu ni wazalendo. Walizima moto, wakaosha masufuria, wakaketi.

Mchana wageni walianza kugonga sahani. Walinzi waliuliza wafanye nini, wakajibiwa kuwa kwa mujibu wa sheria hakuna wa kugonga. Waligonga siku hiyo, wakagonga kesho yake. Baadaye kugonga kukapungua, na Waziri, aliyepita akielekea uwanja wa gofu, aliusifu uongozi wa Nyumba kwa utulivu.

Ni wakati huo Chambuso alipofika asubuhi kwa Bi Kidawa na kununua vitumbua vyote, beseni zima.

"Una shughuli, baba? Mbona hukunialika?"

Chambuso alitazama huku na huku. "Kuna watu hawapo, mama," alisema. "Wana njaa."

Bi Kidawa hakuuliza tena. Alifunga vitumbua kwenye karatasi, na fedha hakupokea. Kwa siku kadhaa alikaanga mara mbili.

Majina ya wageni yaliingizwa upya baada ya juma. Yalikuwa machache kuliko ya mwanzo, na taarifa ya Idara ilimshukuru Mungu kwa kupungua kwa wageni nchini. Chambuso alikamatwa getini akiwa na vitumbua mifukoni. Kwa kuwa kumshtaki kungehitaji kumtaja aliyelishwa, alihamishiwa kituo cha mpakani kwa kosa la kuchafua sare kwa mafuta.

*

Mashine ilikuwa imekwisha kusahihishwa. Walibaki watu, maana foleni nzima iliyaona maputo, na watu hawana mahali pa kubonyeza. Hapo ndipo Tume ilipokumbuka desturi yetu nzuri ya hati ya kiapo.

Katika nchi yetu mtu mkubwa hatumii umri aliozaliwa nao. Akikaribia kustaafu huenda kwa wakili, pale nje ya mahakama penye miavuli na mihuri, akiwa na shangazi. Shangazi huapa kuwa alikuwepo siku mtoto alipozaliwa, na kwamba haikuwa zamani hivyo. Wakili hupiga muhuri, na mzee hutoka pale akiwa kijana. Kiongozi Mkuu ana miaka hamsini na tisa, na amekuwa nayo tangu mimi sijaanza shule. Mwaka jana mwanawe wa kwanza alitimiza sitini. Kwa kuwa hakuna aliye juu ya sheria, katika dhifa ya siku hiyo Kiongozi alisimama mbele ya mabalozi, akainama kidogo, akamwambia mwanawe, "Shikamoo." Mwana alilowa jasho mpaka tai, akajibu, "Marahaba." Taifa lilipiga makofi kwa unyenyekevu ule.

Basi kompyuta nayo ilihitaji hati ya kiapo cha kuzaliwa. Sheria inataka mwapaji awe mtu mzima aliyekuwa karibu na mzaliwa, asiwe mtumishi wa serikali, na awe na sifa ya kusema kweli. Sharti la mwisho liliwasumbua. Walipekua orodha ya wastaafu, ya viongozi wa dini, ya wachezaji wa zamani wa timu ya taifa. Mwishowe mjumbe mmoja akasema kuna yule mama anayekwenda kwenye ile kompyuta kila siku ya Mungu, ambaye mji mzima unajua kuwa huwaambia wateja wake, "Leo msinunue, nimezidisha chumvi."

*

Profesa Kasanzu alikwenda mwenyewe, Ijumaa alasiri, na kilo mbili za sukari. Bi Kidawa alikuwa uani akichekecha unga wa mchele.

"Hodi hapa. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Chukua kigoda hicho, kina mguu mmoja mgonjwa, ukalie kwa huruma."

Profesa alikikalia kwa huruma. Alikaa hivyo kitambo, magoti karibu na kidevu.

"Mama, mimi nilimfundisha Hamduni."

Chekeche likasimama. "Ndiwe wewe? Alikuwa akikuigiza hapa. Alisema unazungumza kama mtu anayesoma barua ya posa mbele ya wakwe."

Profesa alicheka, kicheko cha kweli, halafu akageuka kutazama kama dereva wa gari la serikali amesikia.

"Alikuwa anakaa mbele," alisema. "Mbishi."

"Tangu tumboni."

"Kitabu changu kina makosa mawili. Ni yeye aliyeyaona." Alikohoa. "Mama, nimetumwa. Jumatatu kuna kiapo. Utasema tu ulikuwepo mfumo ulipowekwa, mwezi wa Oktoba. Basi. Wakili atakutamkia, wewe utafuata. Na ukiapa, nimehakikishiwa, utaonyeshwa mahali."

"Mahali gani?"

"Mahali... pa Hamduni."

Bi Kidawa alifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu, wewe umesoma. Mtu akienda kumtazama mtu, huambiwa atamwona. Sasa mimi nitaonyeshwa mahali nikafanye nini hapo?"

Profesa alitazama unga. Dereva nje alipiga honi mara moja, kwa adabu.

"Pana kivuli, mama," Profesa alisema mwishowe. "Niliuliza. Walisema pana kivuli."

Bi Kidawa alilichukua tena chekeche, akachekecha unga uliobaki.

"Na wenzake?" Bi Kidawa aliuliza.

"Kiapo kitawafunga. Yaani mafaili yao. Kama mfumo ulikuwepo na haukuwaona, basi hawakuwepo. Kwa vitabu, hata Hamduni. Lakini wewe utapajua. Kimyakimya. Wengine hawatapewa hata hiyo, mama. Nimekuombea wewe tu."

"Kwa nini mimi?"

"Alikuwa anakaa mbele," Profesa alisema tena, na safari hii sauti haikufika mwisho wa sentensi.

Bi Kidawa alimpa maji ya kunywa. Alipoondoka, sukari ilibaki kwenye kigoda.

*

Siri katika nchi yetu hutembea kwa miguu lakini hazichoki. Kabla jua halijazama Bi Mwasiti alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Nasikia umepata mjukuu. Wa bati. Hongera, mwenzangu! Arobaini lini, tuje tumnyoe?"

Bi Kidawa aliiondoa sukari kwenye kigoda.

"Au tumletee uji wa mafuta ya taa? Maana hawa wa serikali sijui wananyonya nini. Kila siku tulikuwa foleni moja, kumbe mwenzetu ulikuwa leba!"

"Kaa, Mwasiti."

"Sikai. Wamekuahidi nini?"

"Mahali."

Bi Mwasiti alikuwa mwepesi wa kila kitu, na hilo nalo alilielewa upesi. Mikono ilimshuka kiunoni. Alikaa chini, hakukitafuta hata kigoda, akanyoosha miguu mbele yake kama mtoto.

"Pakoje?" aliuliza.

"Anasema pana kivuli."

Walikaa. Mtaani mtu alikuwa akiita mbuzi.

"Mimi ningeapa," Bi Mwasiti alisema. "Ningeapa hiyo kompyuta nimeizaa mimi, kwa uchungu wa siku mbili, na nikawaonyesha na kovu."

"Na nikiapa, Mwanamvua wako?"

"Wamekwisha kumtoa kwenye picha, Kidawa. Watamtoa wapi tena?" Alivuta ncha ya kanga akajifuta uso kwa nguvu, kama mtu anayefuta meza. "Apa, dada. Kisha siku moja unipeleke na mimi. Huenda wako jirani."

*

Jumatatu ukumbi ulipambwa. Kompyuta iliwekwa mezani juu ya kitambaa cha zambarau, mbele yake keki yenye umbo la kibodi. Wanawake wa foleni ya Dirisha la Tatu waliletwa kwa basi la serikali ili washuhudie na waache kukumbuka maputo. Redio ya Taifa ilitangaza moja kwa moja, na kama kawaida matangazo ya moja kwa moja yangerushwa kesho yake, ili maneno yapate nafasi ya kujirekebisha.

Waziri alifungua kwa hotuba. Alisema mataifa makubwa yanajisifu kwa kutengeneza kompyuta, lakini ni taifa gani limewahi kuipatia kompyuta mama? Alimwita Bi Kidawa "mama wa teknolojia". Keki ikakatwa kabla ya kiapo, kwa sababu Waziri alikuwa na safari.

Wakili akasimama, karatasi mkononi. Bi Kidawa alikuwa amejifunga kanga ile ile safi. Alimtafuta Bi Mwasiti kwa macho, na Bi Mwasiti, katikati ya safu ya wanawake, akamwinamishia kichwa: apa.

"Sema: Mimi, Kidawa binti Shomvi."

"Mimi, Kidawa binti Shomvi."

"Nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa."

Askari aliyesimama nyuma yake alijisogeza kidogo ili asionekane kwenye picha.

"Nikiwa na akili timamu," Bi Kidawa alisema, "na bila kushurutishwa."

"Naapa kwamba nilikuwepo mfumo huu ulipowekwa, mwezi wa Oktoba."

Bi Kidawa aliitazama kompyuta. Wakili alirudia. Profesa Kasanzu, kwenye kiti cha mwenyekiti, alikuwa amefumba macho.

"Nilikuwepo," alisema Bi Kidawa, na ukumbi mzima ukapumua.

"Vizuri sana, mama. Malizia: Na kwa kuwa mfumo ulikuwepo na haukuwaona, naapa kwamba Hamduni Mbaruku, na Mwanamvua Athmani, na wengine wote waliomo katika jedwali la nyuma, hawakuwahi kuzaliwa."

"Hawakuwahi nini?"

"Kuzaliwa, mama. Ni lugha ya sheria tu."

"Hilo hukuniambia," Bi Kidawa alisema, na hakuwa akimwambia wakili. Profesa alifumbua macho, akatazama keki.

"Nilikuwepo Hamduni alipozaliwa," Bi Kidawa alisema. "Alitanguliza miguu. Mkunga aliniambia huyu ana haraka, mfunge kamba. Huyo ndiye nilikuwepo wakati wake. Hii hapa sikuwepo. Mimi niliikuta."

"Mama," Profesa alisema kwa sauti ndogo, "kumbuka lile jambo. Tafadhali. Hawatakupa tena."

"Ninalikumbuka, mwanangu. Tangu Ijumaa sijakumbuka jingine."

Waziri alimwashiria fundi wa redio, na fundi akazima kipaza sauti. Bi Kidawa alikitazama kikiwa kimekufa mkononi mwake, akakiweka juu ya kitambaa cha zambarau kwa uangalifu, kama kitu cha watu, kisha akageuka, akawapa mgongo Waziri na Tume na kompyuta, akawaelekea wanawake wa foleni.

"Miaka mitano nimesimama pale nikiuliza yuko wapi," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini hapakuwa na mtu aliyekuwa akitafuna. "Niliuliza kwa adabu, nikashukuru. Sikuwa nauliza. Nilikuwa najua tangu mwaka wa kwanza, nikaogopa kulitamka, nikadhani nikilitamka ndiyo nitakuwa nimemmaliza mimi."

Askari alimshika mkono. Bi Mwasiti alikuwa amesimama, na yule wa pembeni yake, na aliyefuata.

"Mlimuua mwanangu," alisema Bi Kidawa. "Na wa Mwasiti. Mliwaua wote mwezi wa Novemba, na Februari mkaleta mashine ije ituambie hawapo."